Kabla Hujazungusha Volti: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Anayeshika Sumaku Nyembamba

Orodha hii ni ya mwanafunzi anayeingia katika kazi ya kutawala sumaku na umeme wa karatasi zenye unene wa atomu chache, kwa kutumia uga wa umeme. Wengine mtaifanya kazi hii kwenye kompyuta, Eldoret au Kigali. Wengine mtakwenda kuishika kwa mikono katika maabara za mbali. Amri ni zile zile. Sitaomba radhi kwa ukali. Uwanja huu umejaa michoro mizuri yenye maelezo mabovu, na mengi ya maelezo hayo mabovu yana mzizi mmoja: mtu amezungusha volti, kitu kimebadilika, naye akatangaza kwamba ni uga uliokibadilisha, asijiulize kama ni uga kweli, au ni chaji, au ni ioni, au ni joto tu.

Jua kwanza kwa nini karatasi

Usiguse kifaa kabla hujaweza kueleza hili bila kutazama daftari. Ukiweka bonge la metali ndani ya uga wa umeme, elektroni zake za juu juu hujipanga papo hapo kuuzuia, kama mabawabu mlangoni, na uga haupenyi hata nanomita moja. Sumaku nene ya chuma haisikii geti lako, yaani bamba la volti lililo nyuma ya kihami. Ni ngozi yake tu inayosikia. Nusu-kipitishi kina elektroni huru chache, kwa hiyo uga hupenya zaidi, na ndiyo maana ushahidi wa awali ulio wazi kwamba umeme unaweza kuwasha na kuzima usumaku ulitoka huko. Mwaka 2000 Hideo Ohno na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Sendai, Japani, walifanya hivyo katika tabaka jembamba la nusu-kipitishi chenye indiamu na aseniki, kilichotiwa manganizi. Kilifanya kazi kwenye baridi kali tu.

Kisha ikaja grafini. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester, Uingereza, walibandua grafiti kwa selotepu mpaka wakapata tabaka moja la kaboni. Watu wanakumbuka selotepu. Wachache wanakumbuka kwamba kichwa cha makala yao kilianza na athari ya uga wa umeme: jambo lililowashangaza wanafizikia ni kwamba geti liliweza kuigeuza filamu ile kutoka wingi wa elektroni hadi wingi wa matundu (nafasi zilizokosa elektroni), na kurudi. Karatasi nzima ilikuwa ngozi, haina tumbo la kujificha. Nobeli ikafuata mwaka 2010.

Grafini peke yake si sumaku. Sumaku ya tabaka moja ilisubiri hadi 2017, pale kundi la Xiaodong Xu wa Seattle, pamoja na Pablo Jarillo-Herrero wa MIT, lilipoonyesha kwamba karatasi moja ya kromiamu traiodidi, CrI₃, hubaki sumaku hadi kelvini 45. Bonge lake hufika 61. Toleo hilo hilo la jarida la Nature lilikuwa na kazi ya kundi la Berkeley juu ya Cr₂Ge₂Te₆, sumaku nyingine nyembamba. Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo? Mwaka 1966 Mermin na Wagner walithibitisha kwamba, katika bapa lenye vipimo viwili, spini zilizo huru kuelekea kokote haziwezi kushikamana kuwa sumaku kwenye halijoto yoyote iliyo juu ya sufuri kamili. CrI₃ inaponea kwa sababu spini zake haziko huru: zimefungwa kusimama wima juu ya karatasi, na wajibu mkubwa wa kuzifunga uko kwa atomu nzito za iodini. Kifungo hicho ndicho uhai wa sumaku hii. Chochote ambacho geti lako linakifanyia, linaufanyia uhai wenyewe.

Usiandike volti ukadhani umeandika uga

Volti ni namba ya kwenye mashine. Volti 100 juu ya silikoni oksidi yenye unene wa nanomita 300 ni uga wa volti 0.33 kwa nanomita. Volti 10 juu ya boroni naitraidi yenye unene wa nanomita 20 ni volti 0.5 kwa nanomita. Mwenye volti kumi ndiye mwenye uga mkubwa. Kwa hiyo unene wa kihami huandikwa kila mara, na hupimwa kwa darubini ya sindano, haukisiwi kwa rangi.

Fanya hesabu ya chaji kabla ya jaribio. Juu ya oksidi ya nanomita 300, kila volti moja huleta elektroni bilioni 72 kwa kila sentimita ya mraba. Zinaonekana nyingi. Ukipandisha hadi volti 100 unapata 7.2 × 10¹². Boroni naitraidi ikisukumwa hadi volti 0.5 kwa nanomita hukupa karibu 10¹³. Sasa gawa kwa idadi ya atomu za kromiamu zilizopo katika eneo hilo hilo la tabaka moja la CrI₃: ni elektroni moja kwa kila atomu 50 hivi. Kaa na namba hiyo. Mtu akikuambia kwamba geti la kawaida limebadilisha tabia ya sumaku kana kwamba kila atomu imepewa elektroni yake, mwombe hesabu.

Usivuke kiwango cha kihami. Boroni naitraidi huanza kutoboka kati ya volti 0.5 na 1 kwa nanomita, na ikitoboka hairudi. Tena fuwele nzuri za boroni naitraidi hazipatikani dukani kona ya mtaa: sehemu kubwa ya maabara za dunia hutegemea zile zinazokuzwa Tsukuba, Japani, na Takashi Taniguchi na Kenji Watanabe, na ndiyo maana majina yao yapo katika orodha ya waandishi wa makala nyingi kupita kiasi. Ukitoboa kipande kwa haraka yako, umeharibu kitu kilichosafiri mbali kuliko wewe.

Tenganisha uga na chaji. Hii ni amri, si ushauri

Geti moja haliwezi kukupa uga bila chaji, wala chaji bila uga. Linakuja na vyote viwili vimefungwa pamoja, na anayetumia geti moja kisha akadai amepima athari ya uga amedai zaidi ya alichonacho.

Weka mageti mawili, moja juu na moja chini ya karatasi, kila moja likiwa na kihami chake. Ukiyasukuma yote mawili upande mmoja wa alama, elektroni zinaongezeka au kupungua kwenye karatasi. Ukiyasukuma kinyume, hili juu ya sifuri na lile chini yake, kwa uwiano unaofuata unene wa vihami vyao, chaji inabaki pale pale na uga unaipita karatasi kutoka chini kwenda juu. Jumla ni chaji, tofauti ni uga. Chora ramani nzima ya mageti mawili, geti la juu kwenye mhimili mmoja na la chini kwenye mwingine, kisha uone tukio lako linafuata mstari upi. Likifuata mshazari wa jumla, ni chaji. Likifuata ule mwingine, ni uga. Likikaa katikati, una kazi ya kufanya, na huna dai la kuandika bado.

Mfano wa kujifunzia ni grafini ya matabaka mawili. Mwaka 2009 watafiti wa Berkeley walionyesha, kwa mwanga wa infraredi na mageti mawili, kwamba uga unaweza kufungua pengo la nishati ambalo halikuwepo, kutoka sufuri hadi milielektronivolti 250. Sababu yake ni nyepesi kueleza: uga unalifanya tabaka la chini lisilingane na la juu, na usawa huo ukivunjika pengo linafunguka. Grafini ya tabaka moja haina chini na juu, kwa hiyo geti huipa chaji tu. Utafiti wa Delft, Uholanzi, wa mwaka 2008, uliopitisha mkondo badala ya mwanga, uliona grafini ya matabaka mawili ikigeuka kihami, lakini kwenye baridi kali, kwa kuwa elektroni hupata njia za kurukaruka ndani ya pengo kupitia uchafu na kasoro. Basi usiseme tu pengo ni kiasi gani. Sema limepimwa kwa njia gani.

Usiseme uga umegeuza sumaku kabla hujauliza ulinganifu

Hapa ndipo wengi huanguka, na hapa sitaruka neno.

Fikiria filamu ya tukio lako ikirudishwa nyuma. Sumaku inageuka, kwa kuwa spini zake zinazunguka kinyume. Chaji zilizokaa kwenye geti hazigeuki. Bado zipo pale pale. Maana yake ni kwamba uga wa umeme, peke yake, hauna namna ya kuchagua kati ya kaskazini juu na kaskazini chini. Hali zote mbili ni sawa mbele yake. Ukisema geti limegeuza sumaku kutoka juu kwenda chini, unadaiwa: mwelekeo ulitoka wapi? Je, kulikuwa na uga wa sumaku wa nje, hata mdogo uliobaki kwenye koili? Je, kuna historia ya namna sampuli ilivyopozwa? Je, kuna mkondo uliopita? Kama huna jibu, kaa kimya kwanza.

Sasa ichukue CrI₃ ya matabaka mawili. Kila tabaka ni sumaku, lakini tabaka la juu linaelekea kinyume cha la chini, na jumla yake ni sifuri. Ukitia uga wa sumaku wa nje wa takribani tesla 0.65, yote mawili yanaelekea upande mmoja kwa mkupuo. Katika hali ile ya kupingana, juu na chini si sawa tena: ulinganifu wa nafasi umevunjika, na ulinganifu wa wakati umevunjika. Ndipo uga wa umeme unapata mahali pa kushika. Ukilipa tabaka moja elektroni kidogo zaidi ya lingine, sumaku zao hazifutani kikamilifu, na sumaku ndogo ya jumla inajitokeza, ikiongezeka sambamba na uga. Alama yake inategemea ni ipi kati ya hali mbili za kupingana uliyoanza nayo.

Mwaka 2018 kundi la Jie Shan na Kin Fai Mak lilionyesha hayo Marekani. Waliuweka uga wa sumaku wa nje ukiwa thabiti, karibu na mahali ambapo matabaka yako tayari kugeuka, kisha kwa uga wa umeme pekee wakayapeleka kutoka kupingana hadi kuelekea pamoja, na kuyarudisha. Soma sentensi hiyo tena: uga wa sumaku ulikuwa umewashwa. Mwanafunzi anayesimulia kazi hiyo bila kuutaja ameisimulia vibaya. Kundi hilo hilo, mwaka huo huo, lilionyesha jambo la pili: ukiongeza elektroni za kutosha, takribani 2.5 × 10¹³ kwa sentimita ya mraba, hali ya kupingana inakoma kabisa na matabaka mawili yanaelekea pamoja hata bila uga wa sumaku wa nje. Kundi la Seattle nalo lilichapisha mwaka huo udhibiti wa umeme wa sumaku hizo za matabaka mawili. Kazi mbili za Shan na Mak, kifaa cha aina moja, visababishi viwili tofauti: cha kwanza uga, cha pili chaji. Anayezichanganya hajazisoma.

Na tabaka moja? Nusu yake ya juu inalingana na nusu ya chini. Athari ile ya moja kwa moja ya uga haipo. Kilichoonekana ni kazi ya chaji: matundu huiimarisha sumaku, elektroni huidhoofisha, na halijoto yake ya mwisho hupanda au kushuka kidogo. Kidogo. Usiandike "kwa kiasi kikubwa" kwa sababu tu mhimili wa mchoro wako umebanwa.

Kwa hiyo kwa kila thamani ya geti, chukua mzunguko kamili wa uga wa sumaku, kwenda na kurudi. Anza na hali zote mbili za kupingana. Geuza alama ya uga wa umeme uone kama matokeo yanageuka jinsi ulinganifu unavyotaka. Yasipogeuka, hujapima unachodhani.

Hesabu matabaka, kisha hesabu tena

Katika CrI₃ tabaka moja ni sumaku, mawili yanafutana, matatu ni sumaku tena. Kosa la tabaka moja ni sumaku nyingine kabisa. Zaidi ya hapo, namna matabaka yalivyopangana huamua kama yanapingana au yanakubaliana: vipande vyembamba hupingana ilhali bonge halipingani, na mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba shinikizo linaweza kuusogeza mpangilio huo na kubadili sumaku. Kipande kilichobanwa au kukunjwa wakati wa kubandika kinaweza kuwa na vyote viwili mahali tofauti. Kitazame chote, usitazame doa moja la leza.

Usiifungue hewani

CrI₃ haivumilii unyevu, na mwanga huiongezea haraka ya kuharibika. Chini ya darubini utaona kingo za kipande zikilegea, matone madogo yakijitokeza, rangi ikitoweka, na yote hayo ndani ya dakika. Bandua ndani ya kisanduku cha glavu chenye arigoni au naitrojeni kavu. Kifunike pande zote mbili kwa boroni naitraidi kabla hakijaona mlango. Mwanga wa darubini uwe hafifu, uzimwe usipotazama. Anayesema "kilikaa nje kidogo tu" anaeleza sampuli iliyokufa.

Usiamini mzunguko wa geti unaofanana na kumbukumbu

Ukipandisha volti na kuishusha, na mistari miwili isilingane, usikimbilie kuandika kwamba umepata kumbukumbu ya sumaku inayoandikwa kwa umeme. Chaji zilizonaswa kwenye oksidi au kwenye gundi iliyobaki hutoa umbo hilo hilo. Badilisha kasi ya kuzungusha volti: chaji iliyonaswa hufuata saa. Pandisha halijoto kupita kiwango cha sumaku: mzunguko ukibaki, sumaku haihusiki. Tengeneza kifaa pacha kisicho na sumaku, chenye mageti yale yale na vihami vile vile, ukipime kwa njia ile ile. Hakuna anayependa kutengeneza kifaa ambacho hakina matokeo. Kitengeneze.

Na mkondo unaovuja kupitia geti uandikwe muda wote, pembeni ya kila kipimo, katika faili lile lile.

Usiliite geti la ioni "uga"

Mwaka 2018 Yuanbo Zhang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, waliipandisha halijoto ya sumaku ya Fe₃GeTe₂ nyembamba hadi ya chumbani, wakati bonge lake hukoma kwenye kelvini 205. Ni kazi kubwa, na wenyewe walieleza vizuri walichofanya. Walioisimulia baadaye ndio walioiharibu. Fe₃GeTe₂ ni metali. Ina elektroni nyingi mno kwa geti la kawaida. Walitumia elektroliti mango yenye ioni za lithiamu, na geti likazisukuma ioni hizo ziingie katikati ya matabaka na kuyapa elektroni, kwa kiwango cha 10¹⁴ kwa sentimita ya mraba kwa kila tabaka. Hiyo ni kemia inayoendeshwa kwa volti. Karatasi haikuona uga mtupu, ilipokea wageni.

Je, ni vibaya? Hapana. Lakini geti la namna hii lina masharti yake. Ioni hutembea zikiwa na joto na huganda kwenye baridi, hivyo badilisha volti kifaa kikiwa na joto, subiri zitulie, ndipo upoze. Usizungushe geti la ioni kwenye baridi ukategemea jibu. Angalia kama hali ya awali inarudi ukiondoa volti. Isiporudi, umeibadilisha fuwele, hukuitawala. Na usilinganishe kasi ya kifaa cha namna hii na transista. Ioni haina haraka hiyo.

Pima joto pale ilipo sampuli

Kipimajoto kiko kwenye bamba la shaba. Sampuli iko kwenye silikoni, juu ya boroni naitraidi, chini ya leza. Hapo katikati pana kelvini ambazo hukuziona. Leza inayosoma mzunguko wa mwanga kwa athari ya Kerr iwe ya maikrowati chache. Ipunguze nusu, urudie. Mkondo unaovuja nao unapasha. Kwa sumaku inayokoma kwenye 45, kelvini mbili tu zinatosha kuonekana kama ugunduzi.

Andika pembe

Amri hii ni ya wale wanaozungusha karatasi juu ya karatasi. Mwaka 2018 Yuan Cao na Jarillo-Herrero walionyesha kwamba grafini mbili zilizopishana kwa nyuzi 1.1 hivi zinaweza, kwa kuzungusha geti tu, kuwa kihami na kisha superkondakta kwenye kifaa kile kile, chini ya kelvini 1.7. Bistritzer na MacDonald walikuwa wametabiri pembe hiyo tangu 2011. Mwaka 2019 Stanford wakaona usumaku katika mfumo huo, kaboni tupu, hakuna chuma hata chembe. Mwaka 2020 kundi la Andrea Young, Santa Barbara, likageuza sumaku ya namna hiyo kwa geti, katika grafini ya tabaka moja iliyopishana na ya matabaka mawili. Sumaku hiyo haitokani na spini zilizosimama kwenye atomu bali na mzunguko wa elektroni zenyewe, na ndiyo maana kuongeza au kupunguza elektroni kidogo kunaweza kugeuza alama ya sumaku ya jumla pale ambapo kwenye CrI₃ kusingeweza. Hata hapo uga wa sumaku mdogo wa nje ulihusika. Pembe hutofautiana kutoka kona moja ya kifaa hadi nyingine. Kuandika pembe moja kwa kifaa kizima ni uvivu.

Kwa wanaokokotoa: msidhani mmepona

Kwetu Afrika Mashariki kazi hii hufanywa zaidi kwa kompyuta, na si jambo la kuonea haya. Shule ya Afrika ya mbinu za muundo wa elektroni, ASESMA, ilikusanyika Eldoret mwaka 2012. Kigali ipo taasisi ya utafiti wa msingi, EAIFR, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, inayoshirikiana na ICTP ya Trieste. Programu ya Quantum ESPRESSO ni bure. Hiyo si ruhusa ya kuwa mzembe.

Anzeni na vipimo. Katika programu hiyo uga huandikwa kwa vipimo vya atomu, na kimoja chake ni volti 51.4 kwa angstromu, yaani 514 kwa nanomita. Ukiandika 0.001 umetia nusu volti kwa nanomita, jambo ambalo maabara inaliweza. Ukiandika 0.01 umetia zaidi ya volti 5 kwa nanomita, na hakuna kihami cha maabara kitakachokubebea. Nimesoma makala zenye matokeo ya kupendeza kwenye uga ambao ungekuwa umelipasua kila geti lililopo. Waandishi hawakugawa.

Ukuta wa mwinuko wa potenshali ukae kwenye ombwe, mbali na atomu, na masahihisho ya dipoli yawashwe. Ombwe lisiwe finyu, lakini lisiwe pana ovyo pia: uga ukiwa mkubwa, potenshali upande mmoja wa ombwe hushuka chini ya kiwango cha Fermi na elektroni zinamwagika hewani. Kompyuta haitalia. Itakupa namba.

Ukiongeza elektroni kwenye seli inayojirudia, programu hutandaza chaji ya kinyume kila mahali, ombwe likiwemo, ili jumla iwe sifuri. Hilo si geti. Tumia mpangilio wenye bamba la geti au ukato wa vipimo viwili.

Washa mwingiliano wa spini na mzingo. Bila huo kifungo cha spini ni sufuri, na bila kifungo Mermin na Wagner wanakuambia huna sumaku ya kuzungumzia. Kifungo chenyewe ni chini ya milielektronivolti moja kwa atomu ya kromiamu, basi usitegemee gridi uliyotumia kutafuta umbo la fuwele. Iongeze mpaka namba itulie. Jaribu thamani kadhaa za U, yaani msukumano wa elektroni ndani ya atomu ya kromiamu, uzionyeshe zote, si ile iliyokupendeza. Usikadirie halijoto ya sumaku kwa wastani wa uga pekee, kwa kuwa njia hiyo huipandisha mno kwenye vipimo viwili. Na kabla hujasema uga unaibadilisha kwa kiasi gani, onyesha kwamba bila uga unapata namba iliyo karibu na 45 ya karatasi moja. Ukipata 120, rudi mwanzo.

Halafu mtumie nafasi ambayo mpimaji hana. Nyinyi mnaweza kutia uga bila chaji, na chaji bila uga, na kuzuia atomu zisisogee hata nukta, kisha kuziachia. Maabara ikibishana ni kipi kati ya hivyo kilichofanya kazi, ninyi ndio mnaoweza kutenganisha. Hiyo ndiyo kazi yenu; kurudia mchoro wa mwingine kwa iodini iliyobadilishwa kuwa bromini si kazi.

Usiuze kumbukumbu ya kompyuta ambayo huna

Sababu ya kutaka kugeuza sumaku kwa uga badala ya mkondo ni ya kweli: kuchaji kapasita ndogo hula nishati kidogo sana kuliko kupitisha mkondo unaopasha waya. Lakini ukiandika hivyo, hesabu nishati ya kifaa chako chenyewe, pamoja na uga wa sumaku uliouwasha kukisaidia na heliamu iliyokipoza. Kelvini 45 ni nyuzi 228 chini ya sifuri ya Selsiasi. Hata naitrojeni ya kimiminika, yenye 77, haifiki hapo.

Usiandike "joto la chumbani" kama ulipima kwenye baridi ukanyoosha mstari. Usiandike "bila mkondo" kama hukupima uvujaji. Usiandike "kwa uga pekee" kama ulikuwa na geti moja. Ripoti iwe na unene wa vihami vyote viwili, ramani nzima ya mageti, mzunguko wa sumaku kwa kila nukta, kasi ya kuzungusha volti, nguvu ya leza, na idadi ya vifaa vilivyofanya kazi pamoja na vile vilivyokataa. Mhariri akiomba mchoro wa mkondo unaovuja na huna, usimwandikie barua ndefu. Rudi kwenye kriostati ukaupime, na kama kifaa kimeshakufa, ondoa dai.